Hatua Arobaini na Tatu Kutoka Wenlow

Jumatano, 6 Mei 1868

Asubuhi njema. Ukungu umeshuka kijitoni mapema, na mnara wa kanisa la Wenlow umeonekana dirishani saa kumi na mbili na nusu. Nimeutazama nikinywa chai. Huutazama kila siku. Huu ni mwaka wa arobaini na moja.

Kisha akaja shemeji yangu kuiharibu siku.

Jabez Crouch, kaka wa marehemu mke wangu Keziah. Mchimba makaburi na mpiga kengele wa Wenlow. Magoti mabaya, ulimi mbaya zaidi. Ameleta kiatu cha kutengenezwa kisigino, na habari mbili. Ya kwanza: Jumatatu ya tarehe kumi na nane watu wa Wenlow watauzunguka mpaka wa parokia yao kwa miguu, kasisi mbele na fimbo nyuma, mara ya kwanza baada ya miaka hamsini. Ya pili: baraza la kanisa limeona makaburi yamejaa mno. Kuanzia sasa atazikwa Wenlow mkazi wa Wenlow au aliyefia Wenlow. Wageni wakazikwe kwao.

Nikamuuliza wageni ndio akina nani. Akanitazama kuanzia kofia hadi soli. Akasema yeye si mtu wa kutaja watu majina, ila angelazimishwa ataje, angeanzia hapa hapa alipokaa.

Mgeni! Mimi, Enos Tuckwell! Nimezaliwa Wenlow. Nimebatizwa Wenlow. Nilimwoa dada yake Wenlow, na Februari 1826 nikamzika huko huko, chini ya ukuta wa kusini, nikaacha ubavuni mwake nafasi ya mtu mmoja. Mwaka uliofuata mwenye ardhi akabomoa nyumba kumi na moja za mtaa wetu, ili Wenlow isiwe na maskini wa kulisha. Tukachukua vyungu vyetu tukavuka wigo kuja Stobury. Toka mlangoni pangu hadi jiwe la mpaka ni hatua arobaini na tatu. Kukiwa na theluji, arobaini na sita.

Na ile nafasi? Jabez amemwambia kila mtu kwamba pale pana mwamba, hapachimbiki. Najua sababu. Anapataka yeye.

Lazima jambo lifanyike. Nimeanza kufikiri.

Ijumaa, 8 Mei

Mpango wa kwanza, na ulio rahisi kuliko yote: kufia Wenlow.

Nimeamka na kikohozi kizuri, kizito, cha kifuani. Nisingeweza kuiacha nafasi kama hiyo ipite. Nimevaa shati safi, nimechana ndevu, nimekwenda kukaa juu ya ukuta wa kanisa tangu saa nne. Jua lilikuwa la kadiri. Upepo ulinukia maua meupe ya wigo. Nilimtazama Keziah kwa muda mrefu. Kuvu imeingia katika herufi za jiwe lake. K imekwisha kabisa, na mtu asiyemjua angesoma jina jingine.

Saa tano kikohozi kilipungua. Saa sita kikaisha. Saa saba nilikuwa mzima kuliko nilivyokuwa tangu Krismasi.

Akapita Thirza Pilbeam na toroli lake la nguo. Ni mjane, mfua nguo, na nyumba yake ndiyo ya kwanza ukiingia Wenlow, chini kidogo ya jiwe la mpaka. Kuku wake huvuka kuja kwangu kila asubuhi bila kuuliza baraza la kanisa. Akataka kujua nafanya nini ukutani. Nikasema napumzika. Akasema watu hupumzika kwao, lakini maadamu niko hapa nije nile.

Nimekula sahani mbili za njegere na nyama ya nguruwe ya chumvi. Thirza akasema chumba chake cha nyuma kiko wazi tangu mpangaji wake ahame, kina dirisha zuri, je, simfahamu mtu anayekihitaji? Nikamwahidi nitauliza uliza.

Nimerudi nyumbani na afya tele. Aibu tupu.

Jumatatu, 11 Mei

Bahati imebisha hodi yenyewe! Kasisi Ludlam wa Wenlow amekuja kupimwa miguu. Anataka buti mpya za kuzungukia mpaka. Ni kijana wa miaka thelathini na mitano, ana kwato za farasi wa mkokoteni, na ana miaka mitatu tu Wenlow. Hajawahi kuuzunguka mpaka. Ana kitabu cha zamani kinachosema jiwe la nne liko “karibu na wigo”, basi.

Mpango wa pili. Kutoka jiwe la nne, mpaka hushuka kinamasini na kukizunguka kinamasi chote, nusu maili ya matope. Lakini ipo njia kavu, fupi, nzuri, ambayo hupita mbele ya mlango wangu na kuuzunguka mtofaa wangu ulio nyuma ya nyumba. Na kila mzee wa huku anajua sheria hii: mpaka ni pale alipopita kasisi na kitabu cha sala mkononi, na watu nyuma yake wakichapa njia kwa fimbo. Akipita kulia kwa nyumba yangu, mimi ni Stobury. Akipita kushoto, mimi ni Wenlow, mzima au maiti.

Buti zikimbana kuanzia maili ya pili, akifika jiwe la nne atakuwa anachechemea. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Nitamwonyesha njia fupi. Mzee mwenye huruma!

Nimempima kwa makini. Kisha katika daftari nimepunguza nusu inchi kila upande.

Alhamisi, 14 Mei

Matatizo.

Siku tatu nimekaa na ngozi ya Kasisi. Nilipoifunga kwenye kalibu ndogo, ule mguu wa mbao wa kushonea, niliisikia ikilalamika. Ngozi nzuri, ya ng'ombe wa malishoni, isiyo na kovu hata moja. Nikasema moyoni: Enos, ni buti tu. Nikachukua maharazi. Nikatoboa tundu la kwanza. Nikakumbuka baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, ambaye aliwahi kukata vipande vipande viatu alivyokwisha kuvishona, kwa sababu ya mshono mmoja ambao hakuna mtu angeuona.

Nikaitoa kalibu ndogo. Nikaweka ya haki.

Nikajiambia nitabana kidogo kidoleni tu. Sikuweza. Nikajiambia nitaacha msumari mmoja kisiginoni. Niliuacha. Saa moja baadaye nikaamka kitini, nikaupiga hadi ukalala.

Mikono yangu imenisaliti. Hizi ni buti bora kuliko zote nilizoshona kwa miaka kumi.

Jumamosi, 16 Mei

Kasisi amekuja kuzichukua. Amezunguka karakana mara nne, kisha ametoka nje na kuzunguka nyumba. Amesema hajui kama amevaa kitu. Amesema kwa buti hizi hataacha hata kona moja ya mpaka, na kwamba alikuwa amefikiria kukikwepa kinamasi lakini sasa atakizunguka chote, kwa furaha.

Nikamshukuru.

Sina budi ila mpango wa tatu. Kama mpaka hauji kwangu, jiwe lije.

Jiwe la nne si kubwa. Linafika gotini, limekonda, limeegemea upande kama Jabez. Nikilipandisha hatua arobaini na tatu na kulisimamisha nyuma ya mtofaa, nyumba yangu itakuwa Wenlow. Kasisi hajawahi kuliona. Kitabu kinasema “karibu na wigo”, na nyuma ya mtofaa pia pana wigo. Jabez ameliona, lakini macho yake siku hizi huona kaburi tu, na hata hilo kwa kupapasa.

Nimekwenda kwa Thirza kuazima toroli. Nimemwambia nina ngozi nzito za kubeba. Akasema chukua, lakini gurudumu lina wazimu, usiliamini mteremkoni.

Jumapili, 17 Mei

Nimefunga mlango kwa komeo kabla ya kuandika.

Saa nne watu wote wa parokia mbili walikuwa kanisani. Mimi nilikuwa na mtaimbo. Mungu anisamehe. Niliwasikia Wenlow wakiimba zaburi nikiwa nachimba, na nikajikuta nafuata sauti.

Jiwe lilitoka kwa urahisi kama jino bovu. Nikalilaza torolini. Nikalifukia shimo, nikapanga majani juu yake vizuri sana, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuficha mishono. Nikashika mikono ya toroli, nikaligeuza lielekee nyumbani, nikasukuma.

Nimesahau kuandika kwamba kwangu ni juu, na kwa Thirza ni chini.

Hatua tano toroli lilipanda. Ya sita lilisimama. Ya saba lilianza kufikiri. Kisha likanitoka mikononi, likapita wigo, likapita kamba ya kuanikia nguo, likavuka safu nne za kabichi na kugonga kibanda cha kuku. Gurudumu likaenda njia yake peke yake.

Nilipofika, jiwe lilikuwa limeanguka kutoka torolini na kusimama wima katikati ya kabichi. Wima kabisa, kama liko pale tangu gharika ya Nuhu. Nikajaribu kulinyanyua. Nikajaribu kuliviringisha. Nilipata mgongo mbaya tu. Zaburi ikaisha, mahubiri yakaisha, nikasikia watu mlangoni mwa kanisa. Nikabeba toroli na gurudumu lake, nikakimbia.

Ni jioni sasa, nimekaa nimetulia, na ndipo nimeona jambo ambalo lingefaa nilione asubuhi. Jiwe liko upande wa pili wa nyumba ya Thirza. Kesho Kasisi akilifuata jiwe, nyumba yangu itabaki Stobury kama ilivyokuwa. Na ya Thirza itakuwa Stobury pia.

Mume wake, Samuel Pilbeam, amelala Wenlow, safu ya tatu kutoka mlangoni. Thirza aliwahi kuniambia ameacha nafasi ubavuni mwake.

Jumatatu, 18 Mei

Nitaandika kila kitu kwa utaratibu.

Walifika jiwe la nne saa saba mchana, watu kama hamsini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kasisi alikuwa mbele, hana jasho hata tone, na nyuma yake Wenlow nzima inahema. Amewapitisha kila shimo na kila mtaro. Mhunzi, Silas Hobday, alikuwa amekaa chini akisema aliyeshona buti zile anyongwe.

Jiwe halikuwapo. Wakatafuta wigoni. Kisha mtu akapiga kelele kutoka kwa Thirza kwamba jiwe liko huku, katika kabichi.

Kasisi akafungua kitabu chake, akasoma “karibu na wigo”, akautazama wigo wa Thirza, akatazama jiwe. Akasema kwa upole kwamba inaelekea kitabu na jiwe havigombani, na kama ndivyo, basi Bibi Pilbeam, kwa masikitiko makubwa, yuko Stobury, na pengine amekuwa Stobury siku zote.

Thirza alikuwa mlangoni na aproni yake. Akasema mpaka jana asubuhi pale palikuwa na kabichi tu, lakini Kasisi alikuwa anatazama kitabu. Aliweka mkono juu ya kizingiti, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie.

Naujua mkono ule. Niliuona kwa mama yangu mwaka 1827, siku walipokuja na nyundo.

Jabez akakohoa. Akasema jiwe lile halikuwa kwenye kabichi alipokuwa mtoto, lakini yeye mwenyewe aligongeshwa jiwe la pili na la saba, hili hajui. Hii ni desturi yetu: siku ya mpaka, katika kila jiwe, mtoto mmoja hunyanyuliwa na kugongeshwa makalio juu yake mara tatu, ili akizeeka akumbuke lilipo. Mtu aliyegongeshwa jiwe la nne, akasema Jabez, ni mmoja tu aliye hai. Akanyoosha kidole.

Hamsini wakageuka kunitazama. Kasisi akaja mpaka kwangu na zile buti.

“Mzee Tuckwell, jiwe lilikuwa wapi?”

Sikuwahi kuota mpango mzuri kiasi hicho. Sikuhitaji toroli, wala kalibu, wala kikohozi. Neno moja tu. Ningesema nyuma ya mtofaa, na wangeamini, kwa kuwa hakuna mwingine wa kubisha. Thirza angebaki Wenlow na mimi ningekuwa Wenlow. Hakuna ambaye angepoteza kitu ila Stobury, ambao hawakuwapo.

“Sema, shemeji,” Jabez akaninong'oneza. “Leo ndiyo mara ya kwanza Wenlow nzima inakusikiliza.”

Nikaenda kwenye mtofaa. Walinifuata. Nikasimama. Nikafungua kinywa.

Ilikuwa mwaka 1805, nilikuwa na miaka minane. Mhunzi wa wakati ule alinishika miguu. Baba alinishika makwapani, na mikono yake ilinukia nta ya uzi. Kabla hawajaninyanyua aliinama sikioni mwangu akasema, “Ukilia, lia taratibu. Lakini usisahau.” Sijasahau. Nilikuwa tayari kabisa kusema uongo kuhusu jiwe. Niligundua kwamba sikuwa tayari kusema uongo kuhusu pale alipokuwa amesimama baba yangu.

Nikageuka. Nikashuka hatua arobaini na tatu, watu wote nyuma yangu, nikazihesabu kwa sauti ingawa hakuna aliyeniomba. Nikasimama juu ya majani yangu.

“Hapa,” nikasema.

Silas akaingiza fimbo, ikazama kama kwenye siagi. Akayafunua yale majani, akasema mtu aliyeyapanga ana mkono mzuri sana wa kazi ndogo ndogo. Thirza akayatazama majani. Akatazama alama ya gurudumu katikati ya kabichi zake. Akanitazama mimi.

Wanaume sita walilirudisha jiwe. Kasisi akasema jambo hili lisahaulike na jiwe likumbukwe, na kwamba lazima mtu agongeshwe. Jabez akasema mwenye uzoefu yupo. Basi nikanyanyuliwa, na miaka sabini na mmoja yangu, Silas miguuni na Jabez makwapani, nikagongeshwa mara tatu. Jabez aliongeza ya nne kwa akili yake.

Kisha wakakaa pale pale kula jibini na kunywa bia. Maumivu yalinipa ujasiri. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza Kasisi waziwazi: siku yangu ikifika, nitalala na mke wangu? Alisikitika kweli. Akasema kanuni ina wiki mbili tangu ipitishwe, akiivunja leo kwa hatua arobaini na tatu, kesho ataombwa aivunje kwa maili. Akanisifu tena buti.

Hasira zikanipanda. Nikamgeukia Jabez, nikasema basi afurahi, si ndicho alichokitaka, kuwadanganya watu kuhusu mwamba ili aje kulala pale yeye.

Jabez akaweka kikombe chini.

“Hakuna mwamba pale,” akasema. “Ni udongo laini kama keki. Miaka arobaini nimewadanganya makasisi watatu.”

Wa tatu alikuwa amekaa karibu, akawa anautazama mkate wake.

Nikamuuliza Jabez kwa nini, basi.

“Si kwa ajili yako, usijipe kichwa. Keziah tangu utotoni hakupenda kulala peke yake. Unajua hivyo. Au umesahau?”

Ni Thirza aliyesema, huku akikata jibini.

“Ninyi wanaume wawili mnanichosha. Miaka arobaini mnagombania pa kulala. Hakuna hata mmoja aliyefikiria pa kukaa? Mzee Tuckwell, mimi nina chumba. Nilikuambia ukiwa na njegere mdomoni.”

Nikamwambia nitauliza uliza. Watu wakacheka sana. Sikuelewa wanacheka nini mpaka nilipofika nyumbani, nikajaribu kuketi, nikatambua kwamba chumba alikuwa ananipa mimi.

Jumanne, 19 Mei

Nimelala kifudifudi siku nzima. Nimelipima shauri la Thirza kwa pande zote. Chumba kiko Wenlow. Anayekaa Wenlow ni mkazi wa Wenlow. Mkazi wa Wenlow huzikwa Wenlow. Nimetafuta kasoro, nimepata moja: halikutoka kichwani mwangu.

Nyingine: nimekuwa nikilala kila usiku kwa miaka arobaini na moja nikifikiria namna ya kufa kule. Kuishi kule sikuwahi kukufikiria hata mara moja. Kwetu walikubomoa. Nilidhani kilichobaki ni ukuta wa kusini tu.

Alhamisi, 21 Mei

Nimekwenda kwa Thirza, nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikamwambia nakubali. Akasema hakuwa amemaliza kuongea. Nitalitengeneza gurudumu. Nitapanda kabichi upya, safu nne. Beseni la kulowekea ngozi litakaa nje. Na kabla ya kulihamisha jiwe lolote nimuulize kwanza yeye.

Nikakubali yote. La mwisho nilikubali haraka kuliko mengine.

Jumamosi, 30 Mei

Nimehama. Miaka arobaini na moja imeingia katika safari saba za toroli, na gurudumu halikuyumba hata kidogo. Jabez alisaidia, akilalamikia magoti, akilalamikia benchi langu, akilalamikia vitabu, ambavyo alisema ni vizito kuliko marehemu wengi. Msagaji nafaka wa Stobury alikuwa akipita na mfuko begani. Akaniuliza kama ndiyo naondoka nchini. Nikasema ndiyo. Akanitakia safari njema.

Safari ya mwisho nilisimama kwenye jiwe. Nilitaka kusema kitu. Kuku mmoja alikuwa njiani anavuka upande wa pili, tukapishana.

Jabez akauliza nasubiri ufunguliwe mlango au vipi. Nikavuka.

Jumapili, 7 Juni

Wiki yangu ya kwanza mimi mtu wa Wenlow. Nimekaa kanisani benchi la tatu. Kasisi amelitaja jina langu katika orodha ya wakazi. Baada ya ibada nimeichokonoa kuvu katika jiwe la Keziah kwa maharazi, na K imeonekana tena. Jabez amenionyesha udongo, akauchota mkononi, ni laini kweli. Nina kila kitu nilichokuwa nakitaka. Naandika hivyo ili nikisome tena.

Sasa jambo dogo.

Dirisha la chumba changu linatazama Stobury.

Nimetafuta nyumba nzima. Kutoka kwa Thirza mnara hauonekani. Miti mikubwa imeuziba. Ukitoka njiani, unaona dohani la mchinja nyama. Ukifika kanisani, unaona ukuta tu, mnara uko juu ya kichwa chako, inakubidi uvunje shingo. Hakuna mahali popote katika Wenlow ambapo mtu anaweza kuiona Wenlow. Nimemuuliza Thirza. Amesema amezaliwa hapa na hajawahi kuona haja.

Ni pale tu, kwenye dirisha la nyumba yangu ya zamani, saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukishashuka. Mnara, miti, mabati ya paa la kanisa, ukuta wa kusini, na asubuhi zilizo safi kabisa, kidoa cheupe ambacho ni yeye. Yote kwa pamoja, ya kutosha mkononi. Nilikuwa naye kila siku kwa miaka arobaini na moja, na chai.

Na anayeishi mle sasa ni mtengenezaji wa vikapu ambaye hafungui dirisha mpaka saa tatu! Nimemwona. Anaupoteza mnara mzima, kila siku, kwa usingizi.

Nimefikiri sana. Kama nyumba ile ingekuwa Wenlow, ningeweza kurudi mle na bado nikazikwa huku. Ni hatua arobaini na tatu tu. Nimesikia Stobury watauzunguka mpaka wao mwakani, na kasisi wao ni mgeni, anatafuta wazee wa kumwonyesha mawe. Sasa, ni nani atakayemshuku mzee wa Stobury anayesema ardhi ya Stobury ni ya Wenlow? Mtu hasemi uongo wa kujinyang'anya. Kuhusu baba, nimelichunguza jambo hilo kwa dhamiri safi: yeye na mimi tulikuwa upande wa Wenlow wa jiwe. Upande wa Stobury sikugongeshwa kamwe. Huko hahusiki.

Thirza ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimesema barua kwa mteja.

Imekamilika, ukurasa mmoja kwa kasisi wa Stobury, mwandiko mzuri. Nimejitambulisha kama mtu aliyeishi Stobury miaka arobaini na moja, mwenye kumbukumbu nzuri sana ya mawe.